Majina ya Walinzi wa Ziwa Lomure

Arua, 1 Septemba 1974

Kwa Shangazi yangu Thérèse,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha, ninakula vizuri ingawa maharage ya shule bado yana mawe. Wewe je? Mguu wako unaendeleaje na ubaridi huu wa mvua? Rafiki yako Mama Kaltumu naye? Mwambie ile mikate yake ya gurusa niliimaliza njiani hata kabla ya kufika Maracha, nikaingia bwenini sina kipande cha kumwonjesha rafiki yangu Pasca. Pasca hajanisamehe. Mama yuko Aroi, anapalilia. Alinitembelea Jumapili na ndizi, naye anakusalimu sana wifi yake.

Habari kubwa ni hii. Tangu serikali iseme Kiswahili ndicho lugha ya taifa, shule zimekuwa zikitafuta walimu wa kukifundisha, na sisi tumepata Mwalimu Gaspard. Ni mtu wa Kongo kama wewe na marehemu Baba. Wasichana waliokuwa wakinicheka kwa Kiswahili changu sasa wanakuja kuniuliza maneno. Pasca ananiambia, "Martine, lugha yako ya sokoni imepanda cheo, wewe mwenyewe bado."

Mwalimu ametupa insha ya mashindano. Kichwa chake ni "Shujaa wa Mahali Petu." Shule zote za hapa mjini zitaandika, na itakayoshinda itasomwa Siku ya Uhuru mbele ya watu wote. Unanijua, Shangazi, nikiitwa ubaoni tu mate yananikauka. Lakini kuandika siogopi. Wenzangu wanaandika juu ya majenerali. Mimi nataka kuandika juu ya Ziwa Lomure.

Nilipoondoka mlikuwa mmeshafunga ziwa lisivuliwe, kina mama mnapokezana zamu ya kukaa ufukweni, na mlikuwa na wasiwasi na wale askari wa kambini wanaovua kwa mabomu. Je, walirudi? Niandikie yote. Sulaimani wa lori la tumbaku atakuletea barua hii na atapita kuchukua jibu.

Mtoto wako,
Martine


Koboko, 11 Septemba 1974

Mtoto wangu Martine,

Salamu yako nimeipokea, nami nakurudishia ikiwa na moto wa jiko. Mguu wangu unalia asubuhi, mchana unasahau. Kaltumu hajambo, amecheka habari ya gurusa mpaka ushungi ukamwanguka.

Ndiyo, walirudi. Wiki ileile uliyoondoka tulisikia mlio, tukasema radi, lakini mbingu ilikuwa safi. Tulipofika ziwani maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki. Yule sajini na vijana wake walitupa bomu la mkono, wakaokota kambale wakubwa kwa ajili ya jiko la kambi, wadogo wakawaacha waoze. Huu ndio wakati wa mayai, Martine. Samaki mmoja anayekufa sasa, anakufa na ukoo wake. Na maji yale ndiyo tunayokunywa. Kwa siku nyingi tulichota maji yenye harufu, watoto wakaharisha.

Medina, mwenzetu wa zamu, alitaka twende kambini kulalamika. Kaltumu akamwambia, "Wewe nenda. Mutu akienda kule, kwanza wanauliza jina. Jina likishaingia kule, halitoki."

Basi tukangoja harusi. Mzee Zubeiri alikuwa anamwoza binti yake, na unajua harusi ya Wanubi: kina mama wakishika ngoma ya doluka, wanaimba lolote wanalotaka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Sajini alikuwa amealikwa. Amekaa na mke wake, kikombe cha chai mkononi. Kaltumu akaanza, sisi tukaitikia:

"Radi gani hii isiyo na mvua?
Mvuvi gani huyu asiye na ndoano?
Amewalipua watoto tumboni,
mke wake anapika matope!"

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mke wa sajini ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa sababu na yeye huchota maji palepale. Akauliza kwa sauti, "Nani huyo? Nani huyo?" Kaltumu akamjibu, "Mimi najua? Mimi naimba tu." Sajini aliweka kikombe chini, akaondoka. Tangu siku ile hajaonekana ziwani.

Hiyo ndiyo vita yetu, haina bunduki. Wewe andika insha nzuri juu ya samaki, ndege na mafunjo. Kula vizuri. Usisome kwa mshumaa, macho ni mawili tu.

Shangazi yako,
Thérèse


Arua, 22 Septemba 1974

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, kwa sababu nikikuambia ukiwa umesimama mguu wako hautakubeba. Afya yangu ni njema, ila sijalala vizuri kwa furaha na kwa hofu.

Insha yangu imeshinda! Shule zote, Shangazi.

Niliandika jinsi Lomure linavyofungwa mvua ya Agosti inapoanza, na jinsi hakuna wavu unaoingia mpaka Februari, siku ya vikapu, wakati kina mama wote wanapoingia majini pamoja na kila nyumba inakula. Niliandika habari ya zamu zenu za kukaa ufukweni kwenye mvua. Kwanza sikuweka majina. Mwalimu Gaspard alinirudishia, akasema, "Shujaa asiye na jina ni sungura wa hadithi. Hawa kina mama wapo? Basi waandike." Nikafikiri ana haki. Majenerali wana barabara na shule zenye majina yao. Wewe na Mama Kaltumu mmelinda maji ya watu tangu mimi sijaanza kusoma, na hakuna anayewajua. Nikaandika: Thérèse, mwenyeji wa Kongo, na Kaltumu, mjane wa Koboko.

Nilikuwa mwangalifu. Sikumtaja sajini. Wala sikuandika neno askari. Niliandika tu "watu wasiojulikana wenye mabomu."

Meja anayesimamia sherehe ameisoma yeye mwenyewe. Mwalimu anasema aliisoma mara mbili, kisha akasema, "Hawa kina mama nawataka hapa. Waletwe." Atatuma Landrova iwachukue Koboko, mkae viti vya mbele siku ya Uhuru, mpewe zawadi. Fikiria, wewe na Mama Kaltumu ndani ya Landrova! Vaa kitenge cha bluu. Pasca amesema atakusuka nywele mwenyewe ukifika mapema.

Mimi ndiye nitakayeisoma. Nikikumbuka hilo natamani kujificha, lakini nikiwaona mmekaa pale mbele nitapata nguvu.

Mtoto wako mwenye furaha,
Martine


Ingbokolo, 30 Septemba 1974

Martine mtoto wangu,

Sisi ni wazima. Nimelitanguliza hilo ili usome mengine ukiwa na pumzi.

Unaona sikuandika Koboko. Niko ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, kwa binamu yangu, na Kaltumu yuko nami. Mama mmoja wa sokoni ndiye aliyetuletea barua yako jana. Gari lilitangulia barua.

Lilikuja asubuhi. Tulikuwa ufukweni, Kaltumu na mimi na Medina, tukasikia Landrova inasimama sokoni. Kijana mmoja alitujia mbio: "Mama Thérèse, askari wanauliza wewe. Wewe na Mama Kaltumu. Wana majina yenu kwenye karatasi." Nikamwuliza, wanasema wanataka nini? Akasema, "Wanasema wanawapeleka Arua kupewa zawadi."

Mwanangu, wangesema wanatupeleka kupigwa, labda tungesimama kuuliza kosa. Lakini zawadi? Mume wa jirani yetu aliitwa kupewa cheo, mwaka wa pili huu. Mkewe bado anampikia. Hatukurudi hata kuchukua viatu. Tulipita mashamba ya muhogo, Kaltumu na umri wake, mimi na mguu wangu, mpaka tukavuka.

Sasa nimesoma barua yako na nimeelewa kwamba pengine zawadi ilikuwa zawadi kweli. Pengine. Gari la heshima na gari la kifo ni lilelile, na dereva ni yuleyule.

Sikugombezi. Ulitaka tujulikane, na moyo wangu kwa upande mmoja umefurahi, siwezi kukuficha. Lakini sikia. Ule wimbo haukuwa na jina ndani yake, kwa hiyo sajini hakuwa na mtu wa kumshika. Sisi pia hatukumtaja, kwa hiyo aliweza kuacha bila aibu ya kushindwa. Karatasi yako imetutaja sisi, na yeye umemwita mtu asiyejulikana mwenye bomu. Nani mwingine ana bomu hapa kwetu? Muuza nyanya?

Kinachoniuma zaidi ni Lomure. Wanawake wengine wameogopa, hakuna anayekaa zamu. Juzi jioni upepo ulikuwa unatoka upande huo, na Kaltumu akainua kichwa. "Umesikia?" Nikasema sikusikia. Nilisikia.

Omba Mungu, na ukisoma siku hiyo, soma polepole.

Shangazi yako


Arua, 10 Oktoba 1974

Shangazi,

Salamu zangu zote kwako na kwa Mama Kaltumu. Mimi mwili wangu mzima. Barua yako niliipata siku mbili kabla ya sherehe na nilitaka kuugua, lakini homa ukiitaka haiji.

Nilikwenda kwa Mwalimu Gaspard nikamwomba anitoe. Aliisoma barua yako, akavua miwani. Akasema, "Martine, mimi pia ni mgeni hapa. Nilisahau kidogo." Lakini hakuweza kunitoa, ratiba ilikuwa imeshapigwa chapa.

Kwa hiyo jana nilisimama. Uwanja ulikuwa umejaa, bendi ya polisi, watoto wa shule na bendera. Mbele palikuwa na viti viwili vyenye vitambaa vyeupe, vitupu. Nilisoma nikiviangalia. Sijui nilisoma vipi. Pasca anasema sauti yangu ilikuwa kama ya mbuzi mwanzoni, kisha ikawa ya mtu.

Nilipomaliza walipiga makofi. Meja akasimama, akaja hadi kwenye kipaza sauti. Ni mtu mnene mwenye kucheka. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Binti, mama zako iko wapi? Nilituma gari, gari imerudi tupu. Wanaogopa mimi?"

Shangazi, nilijua nikisema mmevuka mpaka, mmekwisha. Nikisema sijui, yeye atawatafuta. Nikafungua mdomo na neno likatoka lenyewe: "Hapana, afande. Samaki wanataga. Hawawezi kuacha ziwa peke yake."

Halafu yeye akacheka, na uwanja wote ukacheka. Akasema, "Umesikia? Mimi naita, wanasema samaki ni mkubwa kuliko Meja!" Watu wakacheka zaidi, lakini wale waliokuwa karibu naye walinitazama mimi, hawakucheka. Kisha akasema, "Basi mimi nitakwenda kwao. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Niwaone na macho yangu."

Na ndivyo nilivyowafunga. Akifika Lomure asiwakute, atajua nimemdanganya hadharani, na mtakuwa wakimbizi wenye kosa, hamtaweza kurudi tena. Mkiwepo, sijui atafanya nini. Nimefikiri usiku kucha na nimepata njia moja. Nitakwenda kwa Mwalimu Mkuu niseme nilitunga yote. Hakuna kina mama, hakuna zamu, nilitaka kushinda tu. Watanifukuza shule, lakini hakuna mtu atakayetafuta watu ambao hawapo.

Nijibu upesi. Sulaimani ameniahidi kupeleka barua hii mpaka sokoni mpakani yeye mwenyewe. Usipojibu kabla ya Alhamisi ijayo nitakwenda kusema.

Mtoto wako,
Martine


Koboko, 21 Oktoba 1974

Mtoto wangu,

Yale maneno mawili niliyompa Sulaimani, "Nyamaza, tunarudi," natumaini yalikufikia kabla ya Alhamisi. Usirudie tena kusema utajiita mwongo. Ukisema sisi hatupo, na ziwa halipo? Kaltumu alikasirika kuliko mimi: "Nimezika mume na watoto wawili, nimefika umri huu, halafu mutoto wa shule anifute?"

Tulirudi Ijumaa. Tulikuta maji yananuka. Sajini alikuwa amefanya sherehe zake. Tulioga, tukavaa, Jumamosi tukakaa mahali petu pa siku zote. Medina akaja. Kisha wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akisema amepita tu.

Meja alifika na magari matatu. Alishuka, akatupa mkono, akasema, "Hawa ndio wale?" kama mutu anayeangalia ng'ombe aliyesifiwa. Lakini hakuwa mbaya. Alileta gunia la sukari, na sisi hatujaona sukari tangu Pasaka. Alisema maneno mazuri juu ya wazalendo. Mpiga picha akapiga picha. Nilianza kufikiri nilikuwa mjinga kukimbia.

Kisha akasugua mikono, akasema, "Sasa tule pamoja. Samaki wa mashujaa! Sajini, toa samaki."

Martine, sajini alikuwa na bomu kiunoni. Akalishika pale pale, mbele yetu, anatabasamu. Alikuwa ameingoja siku hiyo. Atuheshimu kwa kulipua ziwa letu, na sisi tupige makofi.

Nikasikia sauti, ilikuwa yangu. "Bwana Meja, leo hakuna samaki wa kuliwa."

Akageuka. "Nimekuja kuheshimu samaki wako, na samaki mwenyewe hataki kuja mezani?" Askari wakacheka.

Nikasema, "Bwana Meja, ukienda kumpongeza mama mwenye mimba, unamla mtoto?"

Hapo hawakucheka. Meja aliniangalia muda mrefu. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa kama mutu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Kaltumu, Mungu amweke, akainuka na magoti yake yanalia, akasema kwa sauti ya harusini, "Jamani, mgeni anasimama juani mpaka lini? Kwangu iko kuku! Bwana Meja, huyu Mkongo hajui kupokea watu, njoo kwa Wanubi ule chakula cha watu!" Akamshika mkono kabisa, kama mama mkwe.

Meja akacheka. Tukaenda. Kaltumu alichinja kuku wake wote. Sajini alirudisha bomu mahali pake na hakula.

Wakati wa kuondoka Meja alimwambia karani wake, nami nikasikia, "Andika: hakuna bomu kwenye hii maji mpaka Februari. Amri yangu." Tulipiga vigelegele. Akaingia garini, akaongeza, "Na yule Mkongo ana mdomo."

Sijui mdomo huo aliutaja kwa sifa au kwa nini. Tumeshinda, nadhani. Kaltumu anakusalimu, anasema sasa hana hata jogoo wa kumwamsha.

Shangazi yako,
Thérèse


Arua, 10 Novemba 1974

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Hii ni barua yangu ya tatu tangu ile yako ya Oktoba. Niliisoma bwenini kwa Pasca, akalia na kucheka pamoja. Nilimsomea na Mwalimu Gaspard. Alisimama kama mtu aliyesikia wimbo wa taifa.

Lakini mbona hunijibu? Sulaimani anasema amepita kwako, mlango umefungwa kwa kamba, na majirani walimwambia "hayupo" wakaanza kuzungumza habari ya mvua. Mama amekuja kutoka Aroi, hajui kitu. Nimeshindwa kula. Neno moja tu linatosha.

Martine


Ingbokolo, 18 Novemba 1974

Mutoto wangu,

Nisamehe kimya. Ni mzima, tena nimenenepa kwa muhogo wa binamu yangu.

Siku chache baada ya barua yangu, sajini alikuja nyumbani na karatasi. Iliandikwa kwamba wageni wasio na kibali waondoke wilayani. Nikamwambia, "Nimekaa hapa miaka kumi." Akasema, "Miaka kumi ya kosa." Nikamwuliza, je, Wakongo wengine wa sokoni? Akapekua karatasi mbele na nyuma. "Hapa iko jina moja tu." Alinisindikiza mpakani mwenyewe. Njiani aliniomba maji, nikampa kutoka kibuyu changu, maji ya Lomure. Alikunywa yote.

Nimeambiwa sasa kuna kibao ufukweni. Kinasema ziwa hili linalindwa kwa amri, na chini ni jina la Meja. Kina mama hawatajwi. Kaltumu amepeleka habari kwamba anakipenda kibao hicho, anaanikia nguo. Na huku kwetu nimekwenda kujiandikisha, karani ananiambia Thérèse ni jina la kizungu, limekatazwa na serikali ya huku, nichague jina la mababu. Nimecheka hadi akanikasirikia. Upande ule jina langu liliandikwa zaidi ya lilivyotakiwa, upande huu halitaki kuandikwa kabisa.

Mabomu yamekwisha, hilo ni kweli. Lakini vijana wa mjini wameanza kuja asubuhi na nyavu za matundu madogo, wanasema amri ni ya bomu tu. Wanavuta vifaranga vya samaki kutoka kwenye nyasi. Medina na wenzake, tangu nilipofukuzwa, wanafunga milango. Kaltumu anakaa peke yake, na macho yake siku hizi hayaoni mbali.

Nakuambia ili ujue, sikuambii ili ufanye jambo. Likizo nenda kwa mama yako Aroi. Usije huku, mpakani wanasumbua. Na usiende Koboko. Jina lako na langu ni ukoo mmoja.

Shangazi yako,
ambaye bado anajiita Thérèse


Koboko, 20 Desemba 1974

Kwa Shangazi yangu,

Salamu kutoka nyumbani kwako. Niko mzima. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Nilikwenda Aroi kama ulivyosema, nikalala huko siku mbili. Mama aliniangalia ninavyozungusha ugali kwenye sahani, akasema, "Shangazi yako amekulea wewe, na mimi nakujua. Nenda." Kwa hiyo Mama ameniruhusu, nusu ya kosa ni yake.

Nimefungua nyumba. Panya wamekula kona ya godoro, mengine yote yapo. Kitenge cha bluu nimekifua.

Mama Kaltumu alinipokea bila neno la kunilaumu, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama. Amekonda. Alinishika uso kwa vidole, akauliza, "Ndiye wewe uliyeniandika?" Nikasema ndiyo, Mama. "Basi asubuhi njoo ukae. Mimi nasikia nyavu zikiingia majini lakini sioni nani. Wewe utaona. Na ukiona, piga kelele."

Nikamwambia sijui kupiga kelele. Akasema, "Hata samaki hajui, ndiyo maana tunakaa hapa."

Leo walikuja vijana wanne. Nilikuwa nimekaa na kitabu, nikawaona wanakunjua wavu, nami nikabaki nimekishika kitabu. Waliniona, wakaniona mtoto wa shule, wakaendelea. Mmoja akasema, "Soma, dada, soma, sisi tunatafuta kitoweo tu." Wavu ukaingia kwenye nyasi, palepale wanapojificha wale wadogo. Niliwaona wakiruka, wengi, wadogo kama kucha.

Shangazi, nilipiga kelele. Haikuwa neno, ilikuwa kelele tu, mbaya sana, na ndege wakaruka upande wa pili. Kisha neno likaja: "Toeni wavu! Ziwa limefungwa!" Nikaingia majini na viatu vya shule, nikashika ncha ya wavu. Sikuivuta, niliishika tu. Mama Kaltumu nyuma yangu akaanza kupiga vigelegele kana kwamba kuna harusi, na mlango wa Medina ukafunguka.

Yule mkubwa wao akanijia mpaka karibu. "Wewe ni nani unatuzuia? Unaitwa nani?"

Nilijua swali hilo ni la nini. Nikalijibu. "Martine, binti wa Mama Candiru wa Aroi. Nakaa pale, nyumba yenye mlango wa bati." Nilimwonyesha kwa kidole.

Walitoa wavu. Yule mkubwa alisema atarudi kesho na sajini, tuone bati langu lina nguvu gani. Medina amekuja kukaa na sisi, na wanawake wengine wawili. Hawakusema wanapita tu.

Sijui kesho itakuwaje. Naogopa, sitakudanganya. Mama wa sokoni anaondoka sasa hivi kuvuka na barua hii, na Mama Kaltumu ananiita nikachote maji ya chai. Anasema nizidishe kikombe kimoja, cha sajini, maana akija akiwa hajanywa kitu maneno yake yatakuwa makali zaidi.

Mtoto wako,
Martine